Kitabu cha Anayebaki na Mtoto

“Safari hii hatutachelewa,” Mukandutiye alisema, huku akimenya kiazi. “Huyu akimaliza tu miezi mbili, mi nitamuangalia mu kinywa kila asubuhi. Nikiona kile kitu cheupe, siku ile ile tunapanda pikipiki tunaenda Mahoko. Ule wa kwanza tulimuchelewesha. Mungu anajua, tulimuchelewesha.”

Iribagiza, mke wa mwanawe, alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wa pili wa sufuria, tumbo la miezi minane limemjaa mapajani, anatenga nyanya zilizopondeka na zile za kuvusha mpaka kesho kwenda kuuza Goma. Angejibu nini? Akisema “sawa, mama,” amemtoa kafara mtoto ambaye hata hajazaliwa. Akisema “hapana,” ataulizwa kwa nini, na hiyo kwa nini ndiyo iliyokuwa imelala katikati ya nyumba ile tangu mwaka jana, kila mtu akiiruka kama mtu anavyoruka dimbwi la mlangoni kwake.

Tuyaseme sisi, maana wenyewe hawakuyasema. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile aliitwa Igihozo. Aliharisha, akapata homa, udenda ukawa unamtoka, ufizi ukavimba na kuonyesha vidoa vyeupe. Mama yake alikuwa amevuka mpaka na beseni lake kichwani. Baba yake, Sano, alikuwa barabarani na pikipiki, anatafuta abiria. Bibi alibaki na mtoto peke yake, akaona kile ambacho mama yake kule Masisi alimfundisha kukiona: ibyinyo, meno mabaya yanayomla mtoto kwa ndani. Akambeba mgongoni hadi Mahoko, kwa mama mmoja anayeyang’oa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Jioni mtoto alikuwa anavuja damu. Wiki haikuisha wakamzika, na majirani wakaambiwa ni homa. Bibi mwenyewe aliamini kwamba ni ibyinyo, kwamba fundi alimpata mtoto akiwa ameshaliwa, na alijilaumu kwa kuchelewa huko mpaka akakonda shingo.

Na huyo ndiye atakayebaki na huyu anayekuja. Hakuna mwingine. Nyanya hazijivushi zenyewe, na nyumba ya kupanga haimsubiri mtoto akue.

“Umesikia, mutoto yangu?” Mukandutiye aliuliza.

“Nimesikia, mama.”

“Bon. Leta ile maji.”

Nyumbani mle walizungumza Kiswahili, kila mtu na cha kwao. Iribagiza alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule. Mama mkwe na Sano walikuja na cha Masisi. Walielewana vizuri sana kwa mambo yote, isipokuwa hilo moja.

*

Jumapili baada ya ibada Sano alikuwa nje anaosha pikipiki. Iribagiza alimfuata na ndoo ya maji ambayo hakuombwa.

“Zungumza na mama yako,” alimwambia kwa sauti ya chini.

“Nimuambie nini?”

“Mtoto huyu asipelekwe Mahoko.”

“Ataniuliza sababu.”

“Mpe sababu.”

Sano aliendelea kusugua ringi ambayo ilikuwa imeshatakata. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulimchosha mkewe kuliko ukali wa wanaume wengine. “Mi nikimupa ile sababu,” alisema hatimaye, “nimemuambia aliua mutoto yangu. Ule mama alinibeba mu mugongo toka Masisi mpaka hapa, miguu inavimba. We ungeweza kuambia mama yako maneno kama ile?”

“Mama yangu yuko Karagwe. Hajamshika mwanangu hata siku moja.”

“Unaona sasa. Kwako ni rahisi.”

“Rahisi!” Iribagiza aliicheka ile rahisi kicheko kikavu. “Haya, Sano. Osha pikipiki.”

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawa walificha na wakazaa, kisha wakazika, na sasa wanazaa tena wakiwa bado wameficha.

*

Wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wamechanga ili kununua vitabu vya kuwasaidia wajawazito: namna ya kumlea mtoto mwaka wake wa kwanza, mmoja asome, amalize, ampe mwenzake. Wakateua watatu wa kuchagua. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wao, Olivia, aliyerudi kutoka Kampala na sasa ana duka la vipodozi karibu na mahoteli ya ziwani. Wa pili Vénantie, karani wa ofisi, aliyesomea Goma kwa Kifaransa. Wa tatu Iribagiza. Yeye aliteuliwa kwa sababu ana tumbo, na kamati ya wajawazito isiyo na mjamzito ingeonekana vibaya.

Walikwenda kwa Habib, anayeuza madaftari, kalamu na vitabu vya mtumba karibu na soko. Habib alikuwa mtu wa maneno mengi na viti vichache. Kiti kimoja alichokuwa nacho akampa Olivia, halafu akaliona tumbo la Iribagiza akajuta, lakini Olivia alikuwa ameshakaa.

“Karibuni, wamama. Vitabu vya watoto ninavyo mpaka nawapa watoto wangu wakalie.”

Akatandaza. Olivia alichukua kimoja kinene cha Kiingereza, chenye picha ya mtoto mweupe mnene anayecheka ndani ya kiti chenye mikanda. “Okei, hiki ndicho,” alisema. “Angalia hata karatasi yake. Hii ndiyo kwaliti.”

“Attendez, ngojeni,” Vénantie alisema. “Hiki cha Kifaransa kinaeleza bien. Kiko na sura ya usingizi, sura ya bain, ya kuogesha mutoto, yote. Wamama wengi hapa walisoma Kifaransa.”

“Zamani. Siku hizi shuleni ni Kiingereza.”

“Bon, wewe Mama Olivia, anayezaa siku hizi alisoma zamani, si ndiyo?”

Habib akacheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akanyamaza. Iribagiza alikifungua kile cha Kiingereza, akakisoma kwa shida kidogo kidogo. Kilimfundisha kupima joto la maji ya kuogea kwa kipimajoto. Kilimwambia rangi za kupaka chumba cha mtoto zisizochosha macho. Kilikuwa na kurasa nyingi za kuchagua kigari. Jamani, wanaoandika vitabu hivi wana vyumba! Nyumba ya Iribagiza ilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha mama mkwe na nyanya, kingine cha waliobaki.

“Vénantie,” aliuliza, “hicho chako kinasemaje kuhusu meno?”

Vénantie alipekua. “Voilà. Mutoto akiota meno analia. Mupe kipete cha kuuma, ukiweke kwanza mu frigo kipoe.”

“Basi?”

“Basi. Unataka nini tena?”

Alitaka kitabu kinachomjua yule mama wa Mahoko na spoku yake. Mwandishi wa kitabu hakuwa na kosa, kwao hakuna spoku. Lakini Iribagiza alirudisha kile kinene mezani. “Hivi sivyo vinavyotufaa,” alisema.

Olivia aliinua nyusi zilizochorwa vizuri. “Iribagiza, usikasirike, tunasema kwa upendo. Sisi wengine tumelea. Mimi wanne, Vénantie watatu. Wewe bado hujalea. Mambo ya kuchagua utuachie.”

Habib alianza kufuta vumbi kwenye kitabu kisicho na vumbi. Vénantie aliangalia barabarani. Iribagiza alitamani kubeba tumbo lake na kuondoka, awaache na vipimajoto vyao.

“Nililea,” alisema. “Muda mfupi.”

Olivia alitaka kusema pole, lakini hakuzoea neno hilo, likamkwama. Ni Habib aliyewaokoa. Aliinama chini ya meza akatoka na furushi lililofungwa kwa kamba ya katani. “Subirini. Hivi vilikuja kwenye mzigo wa madaftari kutoka Tanzania. Watu wanavidharau, havina picha ya rangi. Lakini ni Kiswahili, na vinaenda mwezi kwa mwezi mpaka mtoto anatimiza mwaka.”

Vilikuwa vijitabu vyembamba vya pini mbili, herufi kubwa, michoro ya penseli. Mama wa kwenye michoro alikuwa na kitenge, na maji aliyapima joto kwa kiwiko. Iribagiza alipekua haraka. Mwisho wa mwezi wa tano akakuta mchoro wa kinywa cha mtoto kilichofunguliwa, na juu yake maneno ambayo hata wao Karagwe waliyatumia kuita ibyinyo: meno ya nailoni. Akasoma akiwa amesimama.

“Hivi,” alisema.

“Hivi?” Olivia alikishika kimoja kwa vidole viwili. “Hii karatasi ya kufungia maandazi? Mchungaji atatuelewa vipi?”

“Mama Olivia, ukienda dukani mtoto alikuwa anabaki na nani?”

“Na msichana wa kazi. Kwa nini?”

“Na wewe Vénantie?”

“Na mama mukwe.”

“Anasoma Kifaransa?”

Vénantie aliangua kicheko. “Mama mukwe! Yeye ni Biblia tu, ya Kiswahili, na kidole chini ya kila neno.”

“Na wangu ni hivyo hivyo. Sasa tunamnunulia nani kitabu? Mimi saa kumi na mbili asubuhi niko mpakani na beseni. Mtoto akishikwa na homa saa nne, anayeamua si mimi. Tumnunulie anayebaki naye.”

Hakuna aliyempinga, maana kila mmoja alikuwa amemwona akilini mtu wake wa kubaki na mtoto. Hata hivyo, mwenyekiti ni mwenyekiti. Vile vinene viwili vilinunuliwa vikae katika kabati la kanisa, wageni wavione, na vile vyembamba vikachukuliwa kwa chenji iliyobaki.

Njiani kurudi Iribagiza alikibana chake kwapani. Alikuwa amechoka, miguu imejaa maji, lakini moyoni alijipongeza. Kitabu hakina mama mkwe. Kitalisema jambo lenyewe kwa jina lake, yeye atakuwa amenyamaza, Sano atakuwa amenyamaza, na hakuna atakayekuwa amemkosea heshima mtu. Hivyo ndivyo alivyofikiri, maskini.

*

“Mama,” alisema kesho yake jioni, “kanisani wamenipa hiki. Macho yananiuma. Nisomee.”

Mukandutiye alijifuta mikono, akaenda kuleta miwani yake yenye mguu mmoja wa uzi. Alifurahi, na furaha yake ilionekana wazi. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemwomba jambo lolote lililomhusu mtoto. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma Zaburi.

Jioni baada ya jioni walisoma hivyo. Bibi aligombana na kitabu kama na jirani. Kiliposema kitovu kisipakwe chochote, alikifunga. “Huyu aliyeandika, alizaa batoto ngapi?”

“Sijui, mama. Ameandika tu.”

“Sisi tulipaka siagi, na batu walikua. Sano alipakwa.” Kisha akakifungua tena. “Lakini ile ya kunawa mikono, iko kweli. Na ile ya kumupa maziwa ya mama tu, bila maji, nilisikia hata ku kituo cha afya. Bon. Anajua kidogo.”

Siku nyingine alikiita kitabu “huyu mama.” Huyu mama anasema hivi, huyu mama leo amesema vizuri. Iribagiza alicheka naye, na kila alipocheka alihesabu kurasa zilizobaki kwa jicho. Usiku alimwambia Sano, “Mama amefika mwezi wa nne.” Sano alijigeuza ukutani. “Sitaki kujua,” alisema.

*

Mvua ilinyesha tangu adhuhuri, ikalipiga bati, ikateremsha maji meusi ya majivu ya volkano mpaka kwenye kizingiti. Mpakani hakukuwa na biashara. Iribagiza alirudi mapema, akakuta mama mkwe ameshavaa miwani.

“Nimekungoya,” Mukandutiye alisema. “Kaa. Leo tunamaliza mwezi wa tano.”

Alisoma habari ya mtoto kugeuka mwenyewe. Alisoma habari ya udenda. Akafungua ukurasa, akaona kile kinywa kilichochorwa, akakisogeza karibu na macho.

“Kumbe huyu mama anajua hata ibyinyo!” alisema, na uso wake ukang’aa. “Si nilikuambia? Iko kitu ya kweli!”

Iribagiza alifungua mdomo. Hapo ndipo alipotaka kulisimamisha jambo, na hakulisimamisha. Kidole kilikuwa kimeshashika mstari.

“Mtoto akiharisha… au akiwa na homa… wapo wanaosema ana meno mabaya kwenye ufizi. Hayo meupe unayoyaona… ni meno yake mwenyewe. Bado hayajaota.” Sauti ilipungua kasi. “Usikubali… yang’olewe. Akikatwa ufizi atatoka damu nyingi… na uchafu utaingia kwenye jeraha. Wengi waliokatwa… hufa. Kinachowaua si meno.” Akasimama. Kidole kikarudi nyuma, kikaanza tena. “Kinachowaua si meno. Ni kule kukatwa.”

Bibi aliinua macho kutoka kwenye ukurasa.

“We ulijua,” Mukandutiye alisema. Hakuwa anauliza.

“Nilijua, mama.”

“Toka siku gani?”

“Siku tuliyomwosha. Nilikiona vizuri kile kidonda kinywani.”

“Na kesho yake ulinichemushia maji ya kuoga.”

“Ndiyo.”

“Kila asubuhi unaniamkia. Mama, umelalaje.” Alivua miwani, akaiangalia kama hajui ni ya nani. “Ye baba we. Juu ya nini haukunifukuza? Juu ya nini haukulia mbele ya batu useme, ni huyu?”

Mwaka mzima Iribagiza alikuwa ameiota saa hiyo. Alipokuwa kwenye foleni ya mpakani, alipokuwa anageuza nyanya, aliiona: mwanamke mzee analia, na yeye amesimama, hatimaye amepewa haki yake. Sasa mwanamke mzee alikuwa mbele yake, halii, amekuwa mdogo tu ndani ya kitenge chake, na haki yenyewe haikuonekana popote. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyemvua nguo mkubwa wake barabarani.

“Nilitaka ujue,” alisema, na machozi yakamtoka. “Nilitaka sana ujue, mama. Sasa sitaki tena.”

Alinyoosha mkono akichukue kitabu. Mukandutiye alikilalia kwa kiganja.

Mlango ukasukumwa. Sano aliingia amelowa, kofia ya pikipiki mkononi, anapiga miguu kizingitini. “Chai iko?”

“Sano,” mama yake alisema. “Na we ulijua?”

Sano alimwangalia mkewe, akaangalia kitabu, kisha akaangalia viatu vyake vinavyochuruzika. “Mama, hii mvua…”

“Nauliza.”

“Nilijua, mama.”

“Donc, kumbe mi peke yangu njo sikujua.” Alitikisa kichwa taratibu. “Nilimubeba na mugongo yangu. Alikuwa anacheza na uzi ya kitambaa yangu njia yote. Nilikuwa namuambia, ngoya kidogo, mwana wanjye, mutoto yangu, utapona.” Hapo akaifunika midomo kwa ncha ya kitenge, akalia. Sano alipiga hatua, hakujua aipeleke wapi. Iribagiza ndiye aliyesogea, tumbo likimzuia, akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi.

Mukandutiye alijifuta uso kwa kitenge.

“Huyu anayekuya,” alisema, “hakuna mutu atamugusa kinywa. Hata mi. Akiharisha tunaenda ku kituo cha afya, hata kama mvua iko namna hii. Mumesikia?”

“Tumesikia, mama.”

“Kama munaogopa, mutafute mutu mwingine abaki naye. Sitakasirika.”

Iribagiza alilitazama neno hilo. Ndilo alilolitaka tangu mwanzo, na sasa lilikuwa limewekwa mbele yake bila ugomvi. Angeweza kulichukua. Alifikiria nyanya, alifikiria spoku, alifikiria zile jioni zote na kidole chini ya neno.

“Abaki naye nani, mama?” alisema. “Ni wewe.”

Mukandutiye alikisogeza kitabu karibu. Hakushukuru.

“Tupumzike sasa,” Iribagiza alisema. “Tutaendelea kesho.”

“Kesho unavuka mupaka. Hakuna kesho.” Alivaa miwani tena, uzi ukamkataa sikioni, akaufunga upya. “Sano, kaa chini. Na we usikie.”

Sano alikaa sakafuni alipokuwa, na maji yake. Mama yake alifungua ukurasa uliofuata, akatafuta pa kuanzia.

“Mwezi wa sita,” alisoma. “Mtoto sasa… anaanza… kukaa mwenyewe.”

Igihozo hakufika hapo, na wote watatu walijua. Bibi alikirudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi, ili mvua isimshinde.